Mgeni wa kikao kimoja: mpe sauti na haja, ukweli ubaki kwako

Msomaji ameuliza: Naendesha mchezo wa kuigiza wa mezani kwa kundi la watu watano, na tuko katikati ya kisa kirefu. Mwezi ujao dada yangu atakuja kukaa nami, na ameomba kujiunga kwa kikao kimoja. Hajawahi kucheza. Badala ya kumtengenezea shujaa wake, nimefikiria kumpa mhusika msaidizi, mmoja wa wale watu wa kisa ambao kwa kawaida nawacheza mimi mwendeshaji. Ila nina wasiwasi, kwa sababu niliwahi kujaribu jambo hilo na mchezaji wangu mmoja. Nilimpa awe mhunzi, naye akampa mwenzake upanga wa bei kubwa bure, wakacheka wote. Nifanyeje safari hii? Na je, ni busara kuwapa wachezaji wangu wa kawaida wahusika wasaidizi pale mashujaa wao wanapokuwa hawamo kwenye tukio?

Upanga ule hakuutoa mhunzi, ndugu yangu. Aliutoa rafiki aliyeketi mezani, na mhunzi alikuwa jina tu la kusemea. Kumbuka ulimkabidhi nini mchezaji wako siku ile. Nadhani ulimwambia: wewe ni mhunzi, una ndevu na ghala la silaha, na hawa ndio wateja wako wanaingia. Hukumwambia kwa nini upanga ule una thamani kwake, nani atakuja kuuulizia kesho, wala ana shida gani nyumbani. Mtu aliyeshikishwa mali isiyomuuma, na mbele yake ameketi swahiba wake wa miaka, atafanya nini? Atagawa. Hata mimi ningegawa.

Mengi nitakayokueleza yanatokana na jambo moja. Unapomwazima mtu mhusika msaidizi, unamwazima sauti na haja. Ukweli wa dunia ya mchezo unabaki kwako. Waendeshaji wengi hufanya kinyume chake: humjaza mgeni habari za mji, majina ya wafalme na siri ya pango, halafu husahau kumwambia mhusika wake anataka nini usiku huo. Matokeo yake mgeni anakaa na karatasi mbili za maelezo, anazisoma kwa jicho la wasiwasi kama mtu anayejiandaa kwa mtihani, na wachezaji wakimuuliza swali anakugeukia wewe. Hapo ni afadhali ungemcheza mhusika huyo mwenyewe.

Wala usidhani unazua kitu kigeni. Kugawia watu nafasi zisizo za shujaa ni jambo la zamani kuliko Dungeons & Dragons yenyewe, ule mchezo wa kuigiza wa mezani unaojulikana sana. Mwaka 1969, huko Minnesota, Marekani, David Wesely aliandaa mchezo wa vita vya enzi za Napoleon katika mji wa kubuni ulioitwa Braunstein. Wachezaji wakawa wengi, na wapo aliowapa nafasi za watu wa mjini badala ya majeshi: meya, mkuu wa chuo kikuu, na kila mtu na lake moyoni. Punde wakatawanyika vyumbani, wakanong'onezana, wakafanyiana njama, na vita yenyewe ikasahaulika. Wesely aliamini mchezo umemharibikia. Wachezaji wakamwomba aurudie. Mmoja wao alikuwa Dave Arneson, ambaye baadaye aliijenga dunia yake ya Blackmoor, kisha yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Mwanzoni kabisa, basi, alikuwepo mtu aliyeketi mezani akicheza meya, na lililomfanya asichoke ni kwamba meya alikuwa na jambo analolitafuta.

Tuanze na dada yako, kwa sababu yeye ana tarehe.

Kwanza, umpe nani? Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, na hufanyika kwa nia njema. Mwendeshaji hutaka kumheshimu mgeni, kwa hiyo humpa mfalme. Mfalme ni mzigo. Atalazimika kujua siasa za nchi nzima, kila neno lake ni amri, na akisema jambo la kizembe kisa chako chote kinapinda. Mzee mwenye hekima anayejua kila kitu ni mbaya zaidi, maana huyo hashiki haja yoyote, anashika ukweli, na ukweli tumesema unabaki kwako. Mtoto aliyepotea anayetafutwa na kundi hana la kufanya ila kulia na kushukuru. Mlinzi hodari anayefuatana na mashujaa atawazidi nguvu au atasimama nyuma yao kama nguzo.

Mimi hupenda watu wenye mamlaka juu ya kitu kimoja tu. Mwenye kivuko, kwa mfano: hana cheo, hana jeshi, lakini bila yeye hakuna atakayevuka mto. Mlinzi wa lango. Mshindani anayetafuta kitu kile kile wanachokitafuta mashujaa na aliyefika mapema kidogo. Shahidi aliyeona sehemu ya jambo. Na kama una nafasi, mfungwa anayesindikizwa. Mfungwa ndiye kipenzi changu kwa wageni wasiowahi kucheza. Hawezi kuachwa nyuma, kwa hiyo mgeni yumo katika kila tukio. Hahitaji kujua kanuni, kwa kuwa mikono imefungwa. Ana kazi ya wazi ambayo kila binadamu anaielewa bila kufundishwa, nayo ni kuwashawishi hawa watu wamwachie. Nimewahi kuona mtu mpole asiyependa hata kuzungumza mbele ya watu akiwasumbua mashujaa watano kwa saa mbili nzima kwa maswali ya "hivi mkono huu si ungefunguliwa kidogo tu, unauma?"

Tuseme umechagua nahodha wa kivuko. Usimwandikie historia ya maisha. Mwandikie kadi moja inayosomeka kwa dakika moja:

"Wewe ni nahodha wa kivuko. Unataka kufika ng'ambo kabla ya giza, kwa sababu mumeo yuko huko na homa, na dawa unayo wewe. Unaogopa askari wa forodha, maana chini ya mbao za sakafu umeficha magunia matatu ya chumvi isiyolipiwa ushuru. Hutakubali, hata kwa dhahabu, kugeuza chombo kikishaondoka. Unajua kwamba jana usiku ulimvusha mtu mwenye mkono mmoja aliyelipa kwa sarafu usiyoitambua. Humjui ni nani wala aendako."

Hebu iangalie kadi hiyo kwa makini. Haja inampa dada yako cha kusukuma: mashujaa wakisema "tumsubiri mwenzetu kidogo", tayari kuna mvutano na hujafanya lolote. Hofu inawapa wachezaji cha kuvuta, kwa kuwa mmoja wao akigonga sakafu na kusikia sauti nzito, uso wa nahodha utabadilika wenyewe. Mpaka, yaani lile neno "hutakubali", ndio uliokosekana kwa mhunzi wako. Ungemwandikia kwamba upanga ule hautoki mpaka mteja aapishwe mbele ya shahidi, kicheko kingegeuka mazungumzo. Na neno "humjui" ni la kumkinga mgeni mwenyewe. Akiulizwa kuhusu mtu wa mkono mmoja ana ruhusa ya kusema hajui, hahitaji kubuni na kuogopa kwamba amekuharibia.

Kuhusu kubuni, nina hila moja inayoondoa nusu ya hofu ya waendeshaji. Waambie watu wote mezani, mgeni akiwemo, kwamba lolote asemalo nahodha ni lile analoliamini nahodha. Amesikia, ameona vibaya, amedanganywa, au anadanganya. Dada yako akisema ngome iko siku mbili kutoka mtoni na kwenye ramani yako iko siku tano, hakuna aliyekosea. Nahodha hajawahi kufika huko, basi. Wewe utaamua kimya kimya kama uurekebishe ukweli wako umfuate yeye, jambo ambalo mara nyingi hunoga, au umwache nahodha na uvumi wake. Kwa njia hiyo mgeni anazungumza bila breki, na dunia yako haipati ufa.

Tofauti ni moja tu: lile ambalo kisa hakiendi bila lenyewe. Hapo usimtegemee mgeni peke yake. Niliwahi kumpa mgeni nafasi ya shahidi wa mauaji, na jina la muuaji lilikuwa kwenye kadi yake. Lilikaa humo saa moja na nusu. Alibanwa, akabembelezwa, akatishwa, akawa chuma. Kwenye mapumziko nikamuuliza kulikoni, akanijibu kwa fahari, "Si ulisema ni siri?" Alikuwa sahihi. Mtu asiyeujua mchezo huu hudhani siri ni ya kutunzwa, na kuitunza ndiko kucheza vizuri. Kwetu siri huwekwa ili ivuje. Tangu siku ile, kila siri ninayompa mtu naiandikia na mlango wake: "utasema haya ukiahidiwa ulinzi", au "utasema haya kwa yeyote atakayekuletea maji". Na taarifa yenyewe naiweka pia mahali pa pili, kwenye barua au mfukoni mwa maiti, ili mgeni akisahau nisibaki nimekwama.

Dadu na namba zibaki kwako, au kwa kiasi kidogo mno. Mgeni wa jioni moja hana haja ya karatasi ya mhusika yenye visanduku arobaini. Akitaka kufanya jambo gumu, mwambie arushe dadu moja kwa raha ya kurusha, wewe utafsiri. Kama mapigano hayakwepeki, mpe machaguo matatu ya wazi kila zamu yake ikifika: kukimbia, kujificha, kumsaidia mtu. Vita ndiyo sehemu inayomchosha mgeni kuliko zote, kwa sababu zamu huzunguka polepole na kila mtu anahesabu vitu asivyovijua.

Ila kuna namna moja ambayo vita humfaa mgeni sana, nayo ni akiwa upande wa pili. Mpe majambazi wa msituni, au kundi la mbwa mwitu, umwache awashambulie mashujaa wako. Hapo upendeleo haupo. Mgeni anapewa ruhusa ya kuwa mkatili, na wachezaji, ambao kwako wameshazoea mbinu zako, ghafla wanakutana na akili mpya. Sharti ni kumpa lengo lisilokuwa kuua: majambazi wanataka sanduku, wakishalipata wanatoweka, mbwa mwitu wana njaa, watamburuta punda. Usipomwekea lengo atapigana mpaka mtu wa mwisho, kwa kuwa ndivyo michezo mingine ilivyomfundisha.

Adui mkubwa wa kisa kizima ni jambo jingine. Huko Blackmoor, kwa Arneson, mchezaji mmoja alikuwa upande wa uovu kama mnyonya damu aliyeitwa Sir Fang. Wanavyosimulia waliokuwepo, Sir Fang aliendelea kupata nguvu mpaka wenzake wakawa hawamwezi, na ikabidi izuliwe aina mpya ya mhusika wa kumkabili, kuhani. Kuhani huyo akaingia Dungeons & Dragons ya 1974 na yumo hadi leo. Ni kisa kitamu, nami hukisimulia kila nipatapo nafasi, lakini kitazame upande wa mwendeshaji: ukimpa mtu adui mkuu bila ukomo wa muda wala wa nguvu, utalazimika kubuni kanuni mpya ili kumzuia. Kwa mgeni wa kikao kimoja hatari hiyo haipo. Kwa mchezaji wa kudumu ipo.

Sasa adabu, jambo ambalo watu hulisahau kabisa. Kundi lako litampokea dada yako kama mgeni. Watamtabasamia, watamkubalia kila kitu, hawatamkatiza. Nahodha akisema nauli ni sarafu mia, watatoa mia. Hiyo adabu nzuri ya sebuleni huua mchezo, kwa sababu hakuna anayethubutu kubishana na mgeni wa mwenye nyumba. Waambie mapema, yeye akisikia: "Dada yangu ni mgeni wangu, nahodha si mgeni wa mtu. Msimwonee haya." Na yeye mwambie hivyo hivyo kwa upande wake, kwamba wakimtukana nahodha, hawakumtukana yeye, wakimfunga kamba, ni nahodha anayefungwa. Muulize pia kama kuna jambo asilotaka kukutana nalo jioni hiyo. Kundi lenu limeshazoeana, mnajua bila kusemeshana nini kinachekesha na nini kinaumiza, yeye hajui. Waendeshaji wengi huweka mezani kadi yenye alama ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos, ambayo yeyote anaweza kuigusa na jambo linaloendelea likaachwa mara moja bila maelezo. Kwa mgeni ni nafuu kubwa, kwani hahitaji kutafuta maneno ya kukatiza watu asiowazoea.

Kaa naye dakika kumi kabla wengine hawajafika. Usimfundishe kanuni. Cheza naye tukio dogo la watu wawili: wewe ni askari wa forodha, yeye ni nahodha, unataka kukagua chombo. Katika dakika tatu nne tu za tukio hilo atapata sauti yake, atacheka mara ya kwanza, na aibu ya kuvaa uhusika mbele ya watu itakuwa imeshavunjika mahali ambapo hakuna aliyeiona. Sauti ya kuigiza si lazima. Wapo wanaosema "nahodha anakataa, anageuza uso" bila kubadili sauti hata chembe, na ni wachezaji wazuri tu.

Muingize mapema. Kosa la kumkalisha mgeni saa moja akitazama, ukingoja tukio lake lifike, nimelifanya zaidi ya mara moja na halina dawa; tukio linapofika, ari imeshapoa. Kikao kianzie kivukoni. Mlango wa kutokea nao uujue kabla: chombo kinafika ng'ambo, nahodha anakimbilia kwa mumewe, kwaheri. Dada yako akichangamka na kutaka kuendelea, mume anaweza kuwa ametoweka kitandani, na nahodha akawafuata mashujaa. Akichoka, amemaliza kwa heshima. Kwa mgeni anayejiunga kwa video mambo ni yale yale, ila mpe tukio la mazungumzo na mtu mmoja au wawili, maana sauti tano zikipishana kwenye spika hasikii kitu.

Wakati anacheza, wewe nyamaza. Ni vigumu kuliko inavyosikika. Utatamani kumsaidia, kumalizia sentensi, kueleza alichomaanisha. Vumilia ukimya wa sekunde tano. Ukizidi, muulize swali la mwilini: "Nahodha, mikono yako inafanya nini sasa hivi?" Swali la aina hiyo hujibika na mtu yeyote, na jibu lake huleta neno linalofuata.

Nikija kwenye swali lako la pili, kuhusu wachezaji wa kawaida: ndiyo, wape, na faida utaiona haraka zaidi wewe kuliko wao. Kundi likigawanyika, watatu wakaingia ngomeni na wawili wakabaki nje, wale wawili wa nje huishia kwenye simu zao. Ukiwapa kadi ya mlinzi na mpishi wa ngome, wamo tukioni. Na wewe unaacha kuzungumza peke yako, jambo lile la aibu ambapo mwendeshaji anajiuliza kwa sauti nzito na kujijibu kwa sauti nyembamba huku watu watano wakimtazama.

Kuna michezo iliyojengwa hivi tangu msingi. Ars Magica, iliyotoka mwaka 1987 kwa mikono ya Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, inampa kila mchezaji mchawi wake, lakini walinzi na watumishi wa makao ya wachawi ni mali ya meza nzima. Leo unamcheza mlinzi fulani, kikao kijacho namcheza mimi. Nimejifunza jambo hapo kuhusu upendeleo. Mlinzi asiye na mwenyewe hana rafiki wa kumpendelea, na kila aliyewahi kumvaa anamwongezea kitu kidogo, huyu kikohozi, yule chuki dhidi ya farasi, mpaka anakuwa mtu kamili kuliko baadhi ya mashujaa. Fiasco ya Jason Morningstar, ya 2009, haina mwendeshaji kabisa. Tukio likihitaji polisi au mama mkwe, yeyote asiye na kazi anamchukua.

Mfano unaokuhusu zaidi ni Wraith: The Oblivion ya 1994. Humo kila mchezaji ni mzimu, na kila mzimu una Kivuli chake, ule upande wake wa giza unaotaka aangamie. Kivuli hicho kinachezwa na mchezaji mwingine. Ananong'ona sikioni mwako, anakupa dadu za ziada unapokuwa na dhiki, na ukizipokea unampa nguvu. Tazama walivyomaliza tatizo lako la upanga: rafiki aliyeketi kando yako anayo haja ya kukutakia mabaya, na kanuni zenyewe zinamlipa kwa hilo. Polaris ya Ben Lehman, ya 2005, inafanya jambo la jamaa moja kwa mahali pa kukaa: aliyeketi mkabala nawe ndiye anayecheza maovu yanayomkabili shujaa wako, na walio pembeni wanagawana watu wengine wa maisha yake.

Kwa meza yako ya kawaida huhitaji kubadili mchezo. Angalia tu nani anamkabidhi nani kitu. Muuzaji asichezwe na mtu ambaye shujaa wake atanufaika na bei, na usimpe mtu mhusika atakayezungumza na shujaa wake mwenyewe. Hiyo ni kumfanya ajibizane na kioo. Ukiwa na wachezaji wawili ambao mashujaa wao wanavutana, huyo mmoja ndiye mhunzi bora wa mwenzake. Hatagawa upanga, nakuhakikishia.

Msaliti sikushauri umpe mchezaji wa kudumu bila kumuuliza. Wapo wanaofurahia kujua jambo ambalo shujaa wao halijui, wanamwingiza mtegoni kwa makusudi na kushangilia. Wapo ambao raha yao yote ni kugundua, na ukiwapa kadi ya msaliti umewanyang'anya mwisho wa kisa. Utawajua kwa kuwauliza, si kwa kukisia. Na yupo yule anayependa kupumzika shujaa wake akiwa nje ya tukio, anakunywa maji, anasikiliza. Mwache. Kadi ni ya kutolewa kwa anayetaka, na nina mchezaji mmoja ambaye kwa miaka hajawahi kuipokea hata mara moja. Ndiye anayekumbuka kisa chote kuliko sisi sote.

Kabla hujaigawa kadi yoyote, sema wazi kwamba mhusika anarudi kwako tukio likiisha. Waendeshaji huona haya kusema hivyo, kisha wiki mbili baadaye wanacheza mpishi yule yule kwa namna nyingine na mchezaji ananuna: "Mpishi wangu hangesema hivyo." Andika baada ya kikao kile alichoongeza, hata maneno mawili. Sauti yake usijaribu kuiga, utaonekana unamdhihaki. Au mrudishie mpishi kila anapotokea, kama anamfaa na nafasi ipo.

Dada yako akimaliza, muulize swali moja kabla hajaanza kuzungumzia mengine: nahodha anafanya nini kesho asubuhi? Andika jibu lake kama lilivyo.

Kuhusu upanga, usiurudishe kwa nguvu ya mwendeshaji, wala usijifanye haukutolewa. Wachezaji walicheka, na kicheko kile ni sehemu ya kisa sasa. Lakini hakuna mhunzi anayeweka upanga wa bei kubwa ukutani bila kuwa umeagizwa na mtu. Tafuta aliyeuagiza, mpe haja, hofu na mpaka kama wengine. Kisha mpandishe kwenye kivuko cha dada yako, akae kimya upande wa nyuma, akiutazama kiunoni mwa yule aliyeuvaa.